Bima ya Afya kwa Anayebadili Kazi Meru na Embu

Uanachama wa bima ya afya ya umma nchini Kenya humfuata mtu popote aendapo, kwa sababu umeandikishwa kwa nambari ya kitambulisho chake. Kinachoweza kukatika anapoacha kazi ni mchango. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa Meru na Embu, ambako watu wengi huhama kati ya mshahara na shamba: leo mtu yuko kwenye kiwanda cha majani chai au shamba la maua la Timau, kesho analima viazi Kibirichia au anachuma miraa Igembe.

Kwa miaka mingi bima hiyo ilisimamiwa na NHIF, hazina iliyoanzishwa mwaka 1966. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliiondoa, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pake pameshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Chini ya NHIF, mwenye mshahara hakukatwa zaidi ya shilingi 1,700 kwa mwezi. Sasa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, kiasi kisichopungua shilingi 300 na kisicho na kikomo cha juu. Mwenye mshahara wa shilingi 30,000 hukatwa 825, na wa 100,000 hukatwa 2,750. Mwajiri hutakiwa kuzifikisha fedha hizo kwa SHA ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Anayetoka kwa mwajiri mmoja na kuingia kwa mwingine hajisajili upya. Mwalimu wa shule ya kibinafsi anayehama kutoka Runyenjes kwenda Nkubu humpa mwajiri mpya nambari zake, na makato huendelea. Hatari iko katika mwezi wa katikati, pale mwajiri wa zamani ameacha kulipa na mpya hajaanza. Hatari nyingine ni mwajiri anayekata fedha bila kuziwasilisha. Karatasi ya mshahara huonyesha kilichokatwa tu. Kilichofika hujulikana kwa kupiga *147# au kuuliza katika vituo vya Huduma vya Meru na Embu mjini. Ni vyema kuhakikisha hilo kabla ya kuondoka, wakati ofisi ya mwajiri bado iko karibu.

Anayeacha mshahara na kujiajiri hubadili utaratibu mzima. Yeye hujibu maswali ya tathmini ya uwezo, kuhusu mambo kama nyumba, maji na idadi ya watu nyumbani, kisha hupangiwa mchango wake. Mchango huo hulipwa kwa mwaka mzima kwa mkupuo, na wa chini kabisa ni shilingi 3,600. Kwa mtu ambaye mapato yake hungoja mavuno, hilo ni zito. Ndiyo maana mpango wa Lipa SHA Pole Pole humkopesha mwanachama mchango wa mwaka, naye huurejesha kidogo kidogo. Aliye na akiba au malipo ya mwisho ya kazi hufanya busara kuutoa mchango huo kwanza, kabla fedha hazijatawanyika.

Mchango ukikatika, si kila huduma hufungwa. Matibabu katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na serikali kupitia Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi, na mgonjwa hutakiwa tu awe amesajiliwa. Katiba ya 2010 nayo inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Lakini kulazwa, upasuaji na kusafishwa damu kwa wagonjwa wa figo katika hospitali kama Embu Level 5, Maua Methodist au Consolata Nkubu huhitaji mchango uliolipwa. Mama anayekaribia kujifungua na mgonjwa wa figo hawawezi kungoja mwajiri mpya apange mambo yake.

Bima ya kibinafsi inayonunuliwa na mwajiri ni jambo jingine. Hiyo ni ya kundi la wafanyakazi, na kwa kawaida hukoma pamoja na ajira. Anayenunua yake mwenyewe baadaye mara nyingi hukuta kipindi cha kungoja, hasa kwa uzazi na magonjwa aliyokuwa nayo tangu awali. Maswali ya kuuliza mapema ni mawili: kadi itafungwa lini, na je, kampuni inaruhusu mtu kuendelea kwa gharama yake bila kuanza upya?

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa anayelipwa kwa mwezi notisi ya siku 28 kwa uchache. Muda huo hutosha kukagua michango, kuhakikisha mwenzi na watoto wameandikishwa kama wategemezi, kuchukua kumbukumbu za matibabu, na kuanza malipo mapya kabla ya siku ya mwisho kazini.