Kushirikiana na Kushirikishwa: Msamiati wa Diplomasia ya Afrika na China Unavyosikika Mpanda

1.0 Utangulizi

Katika habari za uhusiano wa kidiplomasia kati ya nchi za Afrika na China, neno la Kiswahili linalotangulia mengine ni ushirikiano. Ndilo lililobeba jina la Jukwaa la Ushirikiano kati ya China na Afrika (FOCAC), lililoanzishwa Beijing mwezi Oktoba 2000, na ndilo linalorudiwa katika taarifa za pamoja za viongozi, hotuba za mabalozi na matangazo ya redio. Limezoeleka kiasi kwamba ni nadra mtu kuuliza lina maana gani. Mhadhara huu unalichunguza neno hilo kwa mtazamo wa mofolojia na semantiki, kisha unalipeleka mahali ambapo ushirikiano huacha kuwa hotuba na kuwa kifusi, kokoto na lami: mji wa Mpanda na Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania.

Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa kubahatisha. Mkoa wa Katavi ulianzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu wakazi zaidi ya 560,000; ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.1. Wenyeji wake ni pamoja na Wabende, Wapimbwe na Wakonongo. Wameungana nao Wasukuma waliohamia kwa kilimo na ufugaji, pamoja na familia zenye asili ya Burundi katika makazi ya Katumba na Mishamo yaliyoanzishwa miaka ya 1970, ambazo nyingi zimekwisha kupewa uraia wa Tanzania. Katika mchanganyiko huo Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu sokoni, zahanatini na mahakamani. Jambo lolote lisilosemwa kwa Kiswahili, wengi wao hawajaambiwa.

2.0 Kutoka Urafiki hadi Ushirikiano

Ushirikiano si neno la kwanza kutumika katika uhusiano huu. China na Tanganyika zilianzisha uhusiano wa kibalozi tarehe 9 Desemba 1961, siku yenyewe ya uhuru. Mwezi Februari 1965 Mwalimu Julius Nyerere alizuru Beijing, na nchi mbili zikatia saini Mkataba wa Urafiki. Juni mwaka huohuo Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Tanzania. Neno la zama hizo lilikuwa urafiki. Kiwanda cha nguo kilichoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China kilipewa jina hilohilo, na hadi leo eneo kilipojengwa huitwa Urafiki. Kwa asili yake katika Kiarabu, rafiki ni mwenzi wa safari, na safari ilikuwapo. Makubaliano ya kujenga reli ya TAZARA yalitiwa saini tarehe 5 Septemba 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na mwezi Julai 1976 reli hiyo yenye urefu wa kilomita 1,860 ikakabidhiwa kwa Tanzania na Zambia. Kiuchumi fedha zake zilikuwa mkopo usio na riba. Katika lugha ya wakati ule jambo hilo lilisemwa kwa msamiati wa urafiki na uhuru. Safari ilikuwa ya pande mbili: tarehe 25 Oktoba 1971, Umoja wa Mataifa uliporejesha kiti cha China kwa Serikali ya Beijing, Tanzania, iliyowakilishwa na Balozi Salim Ahmed Salim, ilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyopigania azimio hilo kwa nguvu zote.

Katika miaka ya 1990 likaja neno ubia. Kiwanda cha Urafiki chenyewe kiligeuzwa kuwa kampuni ya ubia kati ya Tanzania na China. Hapa semantiki ilibadilika. Watu wanaokula bia kila mmoja huleta chake, na kilicholetwa huhesabiwa. Rafiki hahesabu, mbia huhesabu. Kisha, kuanzia mwaka 2000, ushirikiano ukachukua nafasi ya mbele. Mwezi Novemba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Beijing, uhusiano wa nchi hizi mbili ulipandishwa daraja na kuitwa ushirikiano wa kimkakati wa pande zote. Kila neno katika mfuatano huu lina madai yake, na madai ya neno la sasa yamefichwa katika kiambishi.

3.0 Kiambishi -an- na Kiambishi -ish-

Mzizi shiriki umetokana na Kiarabu na umezaa ukoo mkubwa: shirika, ushirika, mshirika, hata ushirikina. Kitenzi kushiriki maana yake ni kuwa na sehemu katika jambo. Kikipokea kiambishi -an- kinakuwa kushirikiana, yaani kila upande unatenda na kila upande unatendewa. Katika sentensi “Tanzania na China zinashirikiana”, pande zote mbili zimekaa katika nafasi ya kiima na hakuna aliyemtangulia mwenzake.

Hata hivyo, sarufi ya Kiswahili inaruhusu muundo wa pili: “China inashirikiana na Tanzania.” Hapa kiambishi ni kilekile, lakini upande mmoja umebaki kuwa kiima na wa pili umehamia nyuma ya kitenzi, ukitanguliwa na na. Wanaisimu wanafahamu kwamba miundo hii miwili haileti hisia moja. Wa kwanza unasema habari ya wawili. Wa pili unasimulia habari ya mmoja, mwenzake akiwa msindikizaji. Msomaji wa magazeti anaweza kujipima kwa kuhesabu ni mara ngapi nchi yake imekuwa kiima. Idadi nayo ina uzito wake: katika FOCAC, upande mmoja ni dola moja, na upande wa pili ni nchi 53 za Afrika pamoja na Kamisheni ya Umoja wa Afrika, Eswatini haimo kwa kuwa ina uhusiano na Taiwan. Kiambishi -an- kinadai usawa baina ya mmoja na hamsini na tatu, na ni vigumu kwa hao hamsini na tatu kuwa kiima kimoja kama hawakukubaliana kwanza wao kwa wao.

Mzizi uleule una mnyambuliko mwingine. Ukipachikwa -ish- unatoa kushirikisha, yaani kumfanya mwingine ashiriki. Ukiongezwa -w- unatoa kushirikishwa. Lugha ya utawala nchini Tanzania inakipenda sana kitenzi hiki: wananchi washirikishwe, wananchi wameshirikishwa, wananchi hawakushirikishwa. Ni nadra kusikia kwamba wananchi wa kata fulani wanashirikiana na mkandarasi au na wizara kwa maana kamili ya -an-. Hivyo mgawanyo unajitokeza ndani ya mzizi mmoja: dola hushirikiana, wananchi hushirikishwa. Anayeshirikishwa amefunguliwa mlango na mtu mwingine, na aliyeufungua anaweza kuufunga.

4.0 Balozi, Mkandarasi na “Mchina”

Maneno haya yanapofika Mpanda hukutana na matumizi mengine. Chukua neno balozi, lililoingia katika Kiswahili kupitia Kituruki. Mjini Mpanda, kama katika miji mingi ya Tanzania, balozi aliye karibu si yule wa Beijing bali ni balozi wa nyumba kumi, cheo kilichotokana na mfumo wa TANU wa miaka ya 1960. Huyu ndiye anayejua mgeni gani amelala nyumba gani, na ndiye anayesuluhisha ugomvi kabla haujafika mbali. Kwa hiyo mwananchi anaposikia kwamba mabalozi wamekutana, tayari ana picha ya kazi ya balozi: kusikiliza pande zote mbili kwa lugha wanayoielewa.

Neno ambalo ushirikiano umelileta hasa mkoani ni mkandarasi. Barabara ya lami kati ya Tabora na Mpanda, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 340, ilizinduliwa mwezi Mei 2022. Fedha zake zilitokana na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na mchango wa Serikali ya Tanzania. Makandarasi wake walikuwa kampuni za China. Katika mazungumzo ya kila siku tofauti hiyo hupotea. Husemwa “Mchina amefika kijiji fulani” au “hii ni barabara ya Mchina”, kwa umoja, kana kwamba taifa zima ni mtu mmoja mwenye tingatinga. Umoja huo ni wa kawaida katika lugha za watu, ila una gharama. Unamfanya mlipaji asahaulike, na mlipaji hapa ni mwananchi mwenyewe, kwa sababu mkopo wa Serikali hulipwa kwa kodi. Anayeamini kwamba amepewa zawadi hana la kuuliza. Anayejua kwamba amekopa ana haki ya kuuliza kila kitu.

Jambo hili halijafika mwisho. Mwezi Desemba 2022 Tanzania ilitia saini mkataba na kampuni mbili za China wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Njia hiyo inapita Kaliua, ambako tangu zama za ukoloni limechepuka tawi la reli la kilomita 210 kwenda Mpanda, lililojengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Reli ya kwanza ilikuja Mpanda bila wenyeji kuulizwa kwa lugha yoyote. Swali kuhusu kazi zijazo ni kama zitakuja kwa namna hiyohiyo.

5.0 Lugha ya Karatasi

Mikataba ya ujenzi nchini kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, na kampuni ya China hufanya mawasiliano yake ya ndani kwa Kichina. Kiswahili hubaki mdomoni mwa mkalimani na nyapara. Kuna neno moja linaloeleza uzito wa hali hii kuliko takwimu yoyote. Mfanyakazi wa kutwa huitwa kibarua, na asili ya neno hilo ni barua ndogo, yaani kipande cha karatasi alichopewa mfanyakazi ili siku zake za kazi zihesabiwe. Kiswahili kilimpa mtu huyu jina kutokana na karatasi yake. Kama karatasi hiyo, iwe ya ajira au ya fidia ya shamba, imeandikwa kwa lugha asiyoisoma, mwenye jina hana ushahidi wa jina lake.

Si kweli kwamba hakuna njia kati ya Kichina na Kiswahili isiyopita kwenye Kiingereza. Idhaa ya Kiswahili ya Redio Peking ilianza matangazo mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika, na vyuo vya Beijing vimefundisha Kiswahili tangu miaka hiyo ya 1960. Mwaka 2011 Televisheni ya Taifa ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, na Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Mwaka huohuo Taasisi za Confucius zilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. China, basi, ilikwisha kuona faida ya kukijua Kiswahili. Kwa upande wa Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kinachokosekana ni kuunganisha ncha hizi mbili katika hati.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba msamiati wa uhusiano wa Afrika na China umesogea kutoka urafiki hadi ubia, na kutoka ubia hadi ushirikiano. Kwamba neno la mwisho linadai usawa wa watendaji. Na kwamba mwananchi, katika lugha ileile, amewekwa katika kauli ya kutendwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mazungumzo asiyoyasikia.

Kazi inayowangoja wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili ni ya kitaaluma na inawezekana. Faharasa ya istilahi za ujenzi, ardhi, fidia na ajira inahitajika kwa Kichina na Kiswahili moja kwa moja, isanifiwe na Baraza la Kiswahili la Taifa, na ijaribiwe kwa wasomaji wa mahali kama Mpanda kabla ya kuchapishwa. Wakalimani wanahitaji kufundishwa kwa jozi hiyo ya lugha. Muhtasari wa kila mkataba unaogusa kijiji ubandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya kijiji hicho. Hapo kibarua wa Katavi ataweza kusoma karatasi iliyompa jina, na kuijibu.