Mafua ya Kiangazi na Sahani ya Bukari

Mwishoni mwa 2024 habari zilienea kutoka Panzi, mkoani Kwango (si ile Panzi ya Bukavu yenye hospitali ya Dokta Mukwege), kwamba kuna ugonjwa usiojulikana unaomaliza watoto. Dalili zake zilikuwa homa, kuumwa kichwa, kikohozi, pua kuchuruzika na mwili kuishiwa nguvu. Kati ya tarehe 24 Oktoba na 5 Desemba walihesabiwa wagonjwa 406, na 31 kati yao walifariki. Wengi walikuwa hawajatimiza miaka 5. Vyombo vya habari vya nje vikaubatiza "Ugonjwa X", na timu ya wataalamu ikatumwa kwa barabara ambayo wakati wa mvua humeza siku mbili nzima.

Kabla mwaka haujaisha, Shirika la Afya Duniani likatoa majibu ya maabara. Kulikuwa na malaria, na kulikuwa na virusi vya njia ya hewa vya kawaida kabisa: influenza ya H1N1, korona, na rinovirusi, ambayo ndiyo mama wa mafua mengi duniani. Yaani watoto wa Panzi walikufa kwa malaria na mafua, magonjwa ambayo karibu kila mtoto wa Kongo huyapitia na wengi hupona. Kilichoyageuza kuwa kifo ni utapiamlo. Njaa ilikuwa imeshaingia katika nyumba za eneo lile kabla ya kirusi, na mwili uliokosa chakula ukakosa cha kupigana nacho.

Mutshatsha yetu ya Lualaba iko mbali na Panzi, lakini mikoa yetu yote miwili inapakana na Angola, na sahani zetu hazitofautiani sana. Kwetu mvua ikishakatika, mwezi wa sita na wa saba huja na baridi kavu. Usiku kipimajoto hukaribia nyuzi 10, asubuhi vumbi la malori yanayotoka Kolwezi kuelekea Dilolo hutanda juu ya reli na juu ya mboga zilizotandazwa sokoni, na kila nyumba ina mtu anayekohoa.

Wazee husema baridi ndiyo huleta mafua, na kwa miaka mingi wasomi waliwacheka. Mafua huletwa na kirusi, na kirusi hutoka kwa mtu mwingine; hilo halijabadilika. Ila mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wakiwamo Ellen Foxman na Akiko Iwasaki, walichukua seli za njia ya hewa za panya na kuzitia rinovirusi, nyingine kwenye nyuzi 33, ambalo ndilo joto la ndani ya pua, nyingine kwenye nyuzi 37, joto la ndani ya mwili. Penye nyuzi 33 seli zilichelewa kupiga mbiu ya hatari, na kirusi kikazaana kwa raha. Pua ikipoa zaidi, kinga yake hulegea. Kwa hiyo wazee hawakusema uongo. Ongeza watu sita waliolala chumba kimoja, dirisha limezibwa, mbabula ikifuka makala pembeni, na kirusi hakihitaji msaada mwingine.

Msimu huo ndio biashara ya vidonge huchangamka. Kila famasia, hata ile ya meza moja pembeni mwa soko, ina kile kichupa chembamba cha vitamini C, vidonge vinavyochemka kwenye maji na kuyageuza rangi ya chungwa. Mtu hununua akishaanza kupiga chafya. Mama wa kipato kidogo huacha kununua samaki ili apate kichupa hicho, na hapa ndipo ninapokasirika kidogo, kwa kuwa sayansi ya jambo hili si ngeni wala haijafichwa.

Aliyeipa vitamini C sifa ya kuzuia mafua ni Linus Pauling, Mmarekani aliyepata tuzo ya Nobel mara mbili, katika kitabu chake cha mwaka 1970. Sifa yake ilikuwa kubwa kuliko ushahidi wake. Tangu hapo majaribio yamefanywa kwa wingi, na mwaka 2013 Harri Hemilä wa Helsinki na Elizabeth Chalker waliyakusanya pamoja, watu zaidi ya 11,000. Waliomeza vitamini C kila siku waliugua mafua mara zile zile kama wasiomeza. Walipougua, walipona mapema kidogo: kwa watu wazima muda ulipungua kwa asilimia 8, kwa watoto asilimia 14. Kwa mtu mzima, mafua ya siku saba yanapungua kwa kama nusu siku. Na hao ni waliokuwa wakimeza tangu kabla ya kuugua. Kwa walioanza kumeza baada ya chafya ya kwanza, yaani kama tufanyavyo sisi, faida ya kuaminika haikuonekana.

Kulikuwa na kundi moja tu lililonufaika vizuri: watu 598 katika majaribio matano, wakimbiaji wa marathoni, wacheza skii milimani na askari wa Kanada waliokuwa mazoezini kwenye baridi kali. Kwao hatari ya mafua ilipungua kwa nusu. Msomaji wa Kolwezi atamfikiria mara moja kijana anayeshuka shimoni na kupandisha mfuko wa kobalti mgongoni. Nami nilimfikiria. Katika majaribio hayo matano hapakuwa na mchimbaji hata mmoja, kwa hiyo tusimwahidi kitu.

Ila tazama kipimo chenyewe. Majaribio yote yaliyokusanywa yalianzia miligramu 200 kwa siku. Pera moja lililoiva, la gramu 100, lina karibu kiasi hicho hicho, na chungwa la uzito huo lina kama robo yake. Kinachozidi mahitaji ya mwili hutoka na mkojo, uwe umekinunua famasia au umekichuma nyuma ya nyumba.

Je, basi vidonge vyote ni bure? Hapana, na ushahidi mmoja mzuri umetoka jirani, katika hospitali ya Mvumi karibu na Dodoma, Tanzania. Miaka ya 1980 madaktari pale, akiwamo Allen Foster wa macho, waliona watoto wenye surua wakipofuka na kufa. Wakishirikiana na Alfred Sommer, Mmarekani aliyekuwa ameshaona kule Indonesia kwamba vitamini A inaokoa zaidi ya macho, waliwapa baadhi ya watoto 180 wenye surua vitamini A kwa wingi, siku mbili mfululizo, na wengine wakapewa tiba ya kawaida. Katika watoto 92 wa tiba ya kawaida walikufa 12. Katika 88 waliopewa vitamini walikufa 6. Tofauti kubwa zaidi ilikuwa kwa walio chini ya miaka 2: kifo kimoja dhidi ya saba. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987, na leo vitamini A ni sehemu ya tiba ya surua duniani kote.

Sababu yake inaeleweka. Njia ya hewa, kuanzia puani hadi mapafuni, imesilibwa kwa utando laini unaotoa ute, kama ukuta wa udongo uliosilibwa vizuri usioruhusu upepo kupenya. Vitamini A ndiyo inayouhuisha utando huo. Ikikosekana, utando hukauka na kupasuka, vijidudu vikajipitia. Surua huila akiba ya vitamini A kwa kasi, na mtoto aliyekuwa nayo kidogo hubaki mtupu. Ndiyo maana katika kampeni za Kongo mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa kapsuli ya buluu, na wa mwaka 1 hadi 5 nyekundu.

Lakini nguvu hiyo ina mpaka. Ilipojaribiwa dhidi ya vichomi vya kawaida visivyo vya surua, vitamini A haikuleta nafuu. Kule Indonesia, jaribio moja la miaka ya 1990 lilikuta kwamba dozi kubwa ziliongeza magonjwa ya kifua, hasa kwa watoto waliokuwa wamelishwa vizuri. Kapsuli huziba pengo. Pasipo na pengo, haina kazi, na pengine inaharibu.

Kisa cha Pemba, kisiwa cha Tanzania, ni kizito zaidi. Maelfu ya watoto wadogo wa kisiwa hicho walipewa kila siku madini ya chuma na asidi ya foliki, kwa nia njema ya kuongeza damu. Agosti 2003 wasimamizi wa utafiti walisimamisha sehemu hiyo kabla ya wakati wake: watoto waliokuwa wakipewa chuma walilazwa au kufa zaidi ya wenzao, kwa asilimia 12. Pemba wakati ule ilikuwa na malaria nyingi kama Lualaba yetu, na vijidudu navyo hupenda chuma. Mtoto aliyepimwa na kuonekana ana upungufu wa damu hutibiwa, tena chini ya macho ya muuguzi. Lakini chupa ya "dawa ya damu" iliyonunuliwa sokoni kwa kukisia, na kunyweshwa mtoto mwenye homa, ni jambo la kuogopwa.

Turudi kwenye sahani, maana pengo letu liko pale. Bukari hutia nguvu, lakini haina protini wala zinki ya kutosha, na hata zinki kidogo iliyomo katika mahindi hushikwa na kitu kiitwacho fitati, mwili usiipate. Silaha za kinga zenyewe, zile zinazokamata kirusi, hujengwa kwa protini. Zinki nayo ndiyo huziwezesha seli za ulinzi kuongezeka. Mtoto anayekula bukari na mchuzi tu hushiba na bado ana njaa ya aina nyingine. Kiganja cha ndagala, maharage, karanga zilizotwangwa ndani ya sombe, viwavi vilivyokaushwa: hivyo ndivyo vidonge vyake. Samaki tomsoni wa barafu ni sawa vile vile, bei ikiruhusu.

Sombe lina namna yake. Vitamini C ya majani ya muhogo hufa karibu yote katika kule kuchemka kwa muda mrefu, na kulichemsha ni lazima ili sumu ya muhogo itoke. Kinachobaki ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na hiyo haiingii mwilini bila mafuta. Mawese yana karotini nyingi mno. Ule wekundu ndio yenyewe. Ukiyachoma mpaka yapauke na kutoa moshi, umeichoma vitamini. Yatie mekundu, mwishoni, juu ya sombe lililokwisha kuiva.

Na mbabula iwake nje. Hakuna pera litakaloshinda moshi wa usiku kucha. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na ya surua mwezi wa 9, hutolewa bure katika vituo vya afya, na hukinga dhidi ya baadhi ya vijidudu vibaya zaidi vya mapafu. Hakuna kichupa cha famasia kinachofika hapo.

Mama na baba wa Mutshatsha, mtoto akikohoa kiangazi hiki, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika moja. Akiwa na miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni hatari. Akiwa na mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Kifua kikibonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa, usingoje hata kama pumzi ni chache. Na kama amekonda, au miguu imevimba, usisubiri homa ndipo uondoke: mwili wenye utapiamlo mkali mara nyingi hauna nguvu hata ya kupandisha joto. Mpeleke kituoni siku hiyo hiyo, apimwe pia mkono kwa utepe. Utepe ukiangukia kwenye nyekundu, chini ya milimita 115, anahitaji tiba ya lishe mara moja.