Kwa Nini Fimbo ya Usukani Hupinda

Mwaka 1985 kampuni ya Suzuki ya Japani ilitoa LT250R, pikipiki ya magurudumu manne iliyoundwa mahsusi kwa mashindano. Tangu hapo vyombo vya aina hiyo vimekimbizwa katika viwanja vya udongo vya Marekani, na mwaka 2009, mashindano ya Dakar yalipofanyika Amerika ya Kusini kwa mara ya kwanza, vilitengewa kundi lake. Mafundi wanaovihudumia hurudiwa na tatizo lile lile: chombo hutoka uwanjani gurudumu moja la mbele likitazama upande wake. Kikichunguzwa, hukutwa fimbo ya usukani imejikunja kama upinde. Je, inyooshwe, iimarishwe au itupwe? Jibu limo katika fizikia ya kawaida, ingawa si mahali ambapo wengi hulitafuta.

Fimbo hizo, ambazo mafundi huziita tairodi, ni mbili. Kila moja huunganisha mlingoti wa usukani na mkono mfupi wa chuma uliotokeza kwenye kitovu cha gurudumu. Dereva anapogeuza usukani, fimbo moja husukumwa na nyingine huvutwa. Kazi hiyo ni nyepesi. Taabu huja pale nguvu inapotoka upande wa pili, yaani gurudumu linapogonga jiwe au gurudumu la mshindani. Chukulia kwamba tairi limepigwa umbali wa milimeta 200 kutoka mhimili ambao gurudumu hugeukia, na mkono wa chuma una urefu wa milimeta 80. Kwa kanuni ya wenzo, kani inayoifikia fimbo ni mara 2.5 ya ile iliyolipiga tairi.

Fimbo ya chuma ikivutwa, urefu wake haubadili nguvu yake. Ikisukumwa, mambo hugeuka. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha hili kwa rula nyembamba ya plastiki na mizani ya jikoni. Aisimamishe rula wima juu ya mizani na kuikandamiza polepole. Mwanzoni rula husimama imara. Kisha hujipinda pembeni kwa ghafla, na mizani haipandi tena ila kidogo sana. Plastiki yenyewe haikushindwa, kwani rula ikiachwa hurudi ilivyokuwa. Kilichoshindwa ni umbo. Akiikata rula katikati na kurudia jaribio, atakuta kwamba nusu yake huhitaji karibu mara 4 ya kani ya kwanza.

Leonhard Euler, mwanahisabati mzaliwa wa Uswisi, alilichambua jambo hili mwaka 1744. Kwa mujibu wa kanuni yake, kani inayotosha kuipinda fimbo nyembamba hupungua kwa kipeo cha pili cha urefu, na kwa fimbo ya mviringo huongezeka kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Vilevile hutegemea ukaidi wa mata, yaani jinsi mata inavyokataa kunyumbuka, wala si jinsi inavyokataa kuvunjika. Hapa ndipo penye mtego. Ukaidi wa feleji, au chuma cha pua, ni nyutoni 200,000 hivi kwa kila milimeta ya mraba, iwe feleji laini ya nondo za kawaida au feleji ghali iliyochanganywa na kromi na molibdeni. Anayenunua fimbo ya feleji ghali yenye unene ule ule, akitumaini kwamba haitajipinda, amelipia sifa ambayo fimbo nyembamba haiitumii.

Hesabu huonyesha jambo hilo wazi. Fimbo ya feleji yenye kipenyo cha milimeta 10 na urefu wa milimeta 300, iliyofungwa kwa viungo vinavyozunguka katika ncha zote mbili, hujipinda kwa kani ya nyutoni 10,800 hivi, sawa na uzito wa kilo 1,100. Ikirefushwa hadi milimeta 400, kama wafanyavyo wanaopanua chombo ili kisipinduke kwenye kona, kiasi hicho huanguka hadi nyutoni 6,100. Lakini fimbo ile ya milimeta 300 ikinenepeshwa hadi milimeta 12 tu, hufikia nyutoni 22,300. Uzito umeongezeka kwa asilimia 44, na uwezo umezidi mara 2.

Mwanzi uliijua siri hii kabla ya wahandisi. Feleji ile ile ya fimbo ya milimeta 10, ikifanywa bomba lenye kipenyo cha nje cha milimeta 16 na cha ndani cha milimeta 12.5, uzito haubadiliki, bali ukinzani dhidi ya kujipinda huwa mara 4. Kwa kani kubwa kiasi hicho, feleji laini ingeanza kuselelea ikiwa imebonyea kabla bomba halijajipinda kwa namna aliyoieleza Euler. Ni hapo sasa ambapo feleji ya kromi na molibdeni hustahili bei yake. Alumini nayo si ya kudharauliwa: ukaidi wake ni theluthi moja tu ya ule wa feleji, lakini fimbo ya alumini ya milimeta 13 hulingana na ile ya feleji ya milimeta 10 kwa uzito usiozidi asilimia 60.

Fimbo ikishapinda, madhara yake ni mawili. Kwanza hufupika: mbonyeo wa milimeta 15 katikati huifupisha ile ya milimeta 300 kwa milimeta 2 hivi, na gurudumu hugeuka zaidi ya digrii moja bila dereva kutaka. Pili, na hili ndilo la hatari, kani inayofuata haipiti tena katikati ya chuma bali hupata wenzo wa kukikunja. Fimbo iliyohimili nyutoni 10,000 ilipokuwa imenyooka huweza kukunjika zaidi kwa kani isiyofika 1,600, ikiwa ni ya feleji laini.

Kuinyoosha kwenye jiliwa kwa nyundo hurudisha sura, si afya. Feleji inapokunjika, tabaka za atomu huteleza kwa msaada wa kasoro katika mpangilio wa fuwele, ambazo Taylor, Orowan na Polanyi walizieleza mwaka 1934, kila mmoja kivyake. Kila mkunjo huzalisha kasoro nyingine, nazo huzuiana hadi chuma kipoteze uwezo wa kukunjika bila kupasuka. Waya unaokunjwa huku na huku hukatika kwa sababu hiyo. Ufa huanzia hasa kwenye mashina ya hesi, mahali ambapo jicho halioni. Kuipasha moto si dawa, kwani moto huharibu ugumu uliotiwa kiwandani. Kuchomelea kipande cha chuma cha pembe juu yake ni vibaya zaidi, kwa kuwa mkazo hujikusanya pale kipande kinapoishia. Aliye mbali na duka ana njia bora kidogo: kuivisha fimbo mpya bomba linaloibana, kutoka nati hadi nati.

Hata hivyo kuimarisha kuna mpaka. Kani ambayo fimbo imeikataa haipotei; hupita hadi kwenye kiungo cha gololi, mkono wa gurudumu na mlingoti wa usukani. Fimbo iliyokunjika huendelea kulishika gurudumu, na dereva huweza kusimama. Shina la kiungo cha gololi likikatika, gurudumu huwa huru kuelekea litakako, chombo kikiwa katika mwendo. Kwa hiyo ni afadhali fimbo ibaki kuwa dhaifu kuliko vyote vinavyoizunguka, na iwe ya chuma kinachokunjika badala ya kukatika. Wanaoweka bomba nene mno bila kugusa viungo wamehamisha tu mahali pa ajali.

Baada ya kufunga fimbo mpya, usukani huwekwa sawa na masafa kati ya magurudumu ya mbele hupimwa kwa kimo cha ekseli, mbele ya matairi na nyuma yake. Vipimo hivyo hulinganishwa na agizo la mtengenezaji, urefu wa fimbo hurekebishwa kwa kuzungusha hesi, na nati za pande zote mbili hukazwa kabla chombo hakijawashwa.