Kipimo cha ziwa na betri ndogo: jinsi ya kupunguza kazi ya ziada katika usafirishaji wa data

Wakazi wa mtaa wa Kibenga, kusini mwa jiji la Bujumbura, wanajua vyema maana ya Ziwa Tanganyika kupanda. Mwezi Aprili mwaka 2024 kiwango cha maji kilikaribia mita 777 juu ya usawa wa bahari, maeneo ya kando ya ziwa yakafurika, na serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa zikatoa wito wa msaada. Janga la namna hiyo huleta swali: je, yawezekana kulipima ziwa usiku na mchana bila kumtegemea mtu wa kwenda kusoma alama zilizosimikwa majini?

Yawezekana. Kihisi cha kupima kina cha maji, chipu ndogo ya kompyuta, betri na paneli ya sola vyatosha kuifanya kazi hiyo. Kikwazo kikubwa ni umeme. Msimu wa mvua, ambao ndio ziwa hupanda, ndio huo huo ambao mawingu hulifunika jua. Kifaa kikizimika wakati huo, kimezimika siku ile hasa kinapohitajika. Kwa hiyo fundi hana budi kujiuliza ni wapi umeme unapotea bure, na mara nyingi jibu limo katika jambo lisiloonekana kwa macho: safari za data ndani ya chipu.

Mawimbi yanadai vipimo vingi

Uso wa ziwa hautulii. Kipimo kimoja chaweza kuangukia kileleni mwa wimbi, na kingine chini yake. Ndiyo sababu kifaa hupaswa kuchukua vipimo vingi kwa mfululizo, tuseme 1,000, kisha kutafuta wastani wake. Kila kipimo ni data ya baiti mbili tu, inayotoka kwenye kihisi na kwenda kuhifadhiwa katika kumbukumbu. Ni nani wa kuibeba?

Njia ya kwanza ni kukiachia kazi hiyo kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta. Kila kipimo kinapokuwa tayari, kichakataji hukatizwa: huweka kando lililokuwa mkononi au huamka usingizini, huibeba data, kisha hurudi kilikokuwa. Katika chipu zenye vichakataji vya aina ya Cortex-M3 na Cortex-M4, kuitikia wito huo pekee huchukua mizunguko 12 ya saa ya chipu, na kurudi huchukua takriban kiasi hicho hicho. Kwa vipimo 1,000, mizunguko ipatayo 24,000 imekwenda hata kabla ya kuhesabu ubebaji wenyewe. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba humaliza betri.

Njia ya pili ni kuipeleka data kwenye kumbukumbu moja kwa moja, bila kupitia kichakataji. Utaratibu huu hujulikana kwa herufi DMA, na si mgeni: kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na chipu ya Intel 8237 yenye njia nne za kazi hiyo. Mfano wake ni mfanyabiashara wa Buyenzi mwenye magunia yake bandarini. Badala ya kwenda mwenyewe kufuata kila gunia, humpa mpagazi maelezo ya mambo matatu: mzigo uko wapi, uende wapi, na ni magunia mangapi. Mpagazi hurudi kutoa taarifa mara moja tu, kazi inapokwisha. Wakati huo wote, tajiri anaweza kulala.

Mpagazi naye ana gharama zake

Hata hivyo, DMA si bure. Kuandika maelezo ya safari ni kazi, na kupokea taarifa ya mwisho ni kazi pia. Fundi akimtuma mpagazi kwa kila gunia, gharama zote za mwanzo hurudi, na juu yake huongezeka ya kuandika maelezo upya kila safari. Kifaa cha namna hiyo chaweza kuwa kizito kuliko kile kisichotumia DMA kabisa. Kuna njia nne kuu za kupunguza mzigo huo.

Ya kwanza ni kukusanya: vipimo vyote 1,000 viwe shehena moja, yenye maelezo mamoja na taarifa moja.

Ya pili ni kutumia eneo la kumbukumbu linalozunguka, lililogawanywa nusu mbili. DMA inapojaza nusu moja, kichakataji hushughulikia ile nyingine, na hakuna haja ya kuandika maelezo upya.

Ya tatu ni kubeba kwa upana. Njia ya data inayoruhusu baiti nne kwa safari moja isitumiwe kubeba baiti moja moja, pale ambapo chipu inaruhusu kuunganisha data.

Ya nne ni kutonakili mara mbili. Data ifikie pale itakapotumika. Ikishushwa mahali pamoja kisha kichakataji kikaihamishia pengine, faida ya mpagazi imepotea.

Kila faida ina kipimo chake

Msikilizaji wa redio ananufaika na hesabu hiyo hiyo kila siku. Sauti ya kidijitali inayorekodiwa studio huwa na vipimo kama 48,000 kwa sekunde. Vikikusanywa katika mafungu ya vipimo 480, kichakataji hukatizwa mara 100 tu kwa sekunde, na kila fungu huchelewa kwa milisekunde 10. Fungu likiwa kubwa mno, mtangazaji hujisikia kwa kuchelewa katika vipokea sauti vyake. Likiwa dogo mno, kompyuta hulemewa na sauti hukatika.

Kwa kipimo cha ziwa hali ni tofauti kidogo. Maji hayapandi kwa sekunde, hivyo kuchelewa kidogo hakudhuru. Lakini shehena isiwe kubwa hivi kwamba umeme ukikatika ghafla, vipimo vya saa nzima vipotee kabla havijaandikwa mahali pa kudumu. Vilevile, kama data ni ya baiti chache na hutumwa mara moja kwa siku, ni heri kichakataji kiibebe chenyewe. Hapo hakuna haja ya mpagazi.

Mafundi wanashauriwa kupima kabla ya kuamua: umeme unaotumika kabla na baada ya badiliko, kwa kifaa chenyewe na katika mazingira yake. Kifaa kinachoamka mara moja badala ya mara elfu kinaweza kuvuka siku nyingi zaidi za mawingu kwa betri ile ile. Kwa familia inayoishi hatua chache kutoka ufukweni, siku hizo ndizo zinazoweza kuipa nafasi ya kuhamisha watoto na vitu vyake kabla maji hayajafika mlangoni.