Picha za Askari wa Vita vya Mbaruk

Vita vilivyopiganwa hapa Pwani mwaka 1895 hadi 1896 huitwa vitabuni uasi wa Wamazrui. Wazee wetu husema tu vita vya Mbaruk, nami naona wao ndio walio karibu zaidi na kweli, kwani ndugu walielekezana bunduki. Alipofariki Sheikh Salim bin Khamis wa Takaungu, Kampuni ya Waingereza ilimtawaza mwanawe, Rashid, na Mubarak bin Rashid, aliyejiona ndiye mwenye haki, akakataa. Mbaruk bin Rashid wa Gazi akaingia upande wa Mubarak. Rashid akabaki na Waingereza. Ngome ya Mwele ilivunjwa na Admirali Rawson mwezi wa Agosti 1895. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, na mauti yakamkuta Dar es Salaam mwaka 1910.

Mabaharia wa Kiingereza walipewa nishani zilizochorwa ukingoni Mwele 1895. Je, watu wetu?

Kamera zilikuwapo. Wagoa kina Gomes na Coutinho walikuwa na studio zao Unguja, na picha zao ziliuzwa kwa wasafiri. Lakini chini ya picha mara nyingi huandikwa kabila la mtu au kazi yake, jina hapana. Hata Marekani, ambako askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 walipigwa picha kwa maelfu, juu ya bati na vioo, ili wapelekewe mama zao, nyingi leo zimo makumbusho bila majina.

Hapa petu picha hizo, kama zipo, hazitundikwi ukutani. Watu wengi hawapendi sura ya mtu chumbani wanamosalia, kwa hiyo huwekwa ndani ya kasha, chini ya nguo.

Moja nilionyeshwa Mtongwe, ng'ambo ya Likoni. Mwanamume wa makamo, kilemba, joho, jambia kiunoni, mkono umeshika upanga. Karatasi imegeuka rangi ya chai. Mjukuu wa mwenye nyumba alikuwa amekwisha kupatana bei na mnunuzi wa vitu vya kale, aliyemwambia kuwa huyu ni askari wa Mbaruk. Mimi sikuweza kukubali upesi hivyo: wapiga picha wa zamani waliweka panga na majoho studioni, na mfanyabiashara wa amani akatoka shujaa.

Bibi yake alikuwa kimya muda wote. Kisha akaichukua picha, akaifunika kwa upande wa leso, akasema haiuzwi. Huyo ni babu yake. Nikamwomba ruhusa niandike jina nyuma. Akanitajia la babu, la baba yake, na la baba wa baba yake, nami nikaandika kwa penseli, polepole.

Nikamwuliza: "Bibi, alipigana upande gani?"

"Upande ambao nduguye hakuwako," akasema. "Hilo usiliandike, mwanangu."