Ganda la Pistachio Lina Kazi Yake

Wataalamu wa lishe wa Chuo Kikuu cha Eastern Illinois, Marekani, waliwapa wanafunzi pistachio, nyingine zikiwa na maganda, nyingine zimekwisha kubanguliwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kuwa waliobangua wenyewe walikula wastani wa kalori 125, na waliopewa viini vitupu wakala 211. Lakini kushiba, wote walisema wameshiba.

Ukiishika moja mkononi utaelewa. Ganda lake hupasuka lenyewe mtini, kiini kinapokua na kulisukuma, ila upenyo ni mwembamba: uingize ukucha, upanue, utoe, ndipo utafune. Huwezi kujaza kiganja na kubwia. Na maganda yanayorundikana mezani yanakusema.

Kiini chenyewe ni cha kijani, chini ya utando wa zambarau. Ukijani huo ni klorofili, ileile ya majani, na humo mna pia luteini na zeaksanthini, ambazo mwili huzihifadhi katikati ya retina ya jicho. Gramu 28, yaani viini kama 49, zina protini gramu 6, nyuzinyuzi 3 na mafuta 13, mengi yake yakiwa yale yasiyoganda. Mafuta hayo ndiyo yenye habari kwa moyo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State waliwalisha pistachio watu 28 wenye lehemu nyingi. Pale zilipofikia moja ya tano ya nishati ya chakula chao, lehemu mbaya ilishuka kwa karibu asilimia 12. Angalia, zilichukua nafasi ya vyakula vingine, hazikurundikwa juu yake. Na wakulima wa pistachio wa California walichangia gharama za utafiti huo, jambo la kukumbuka kila unaposikia kokwa ikisifiwa.

Mpistachio ni jamaa ya mkorosho na mwembe, kwa hiyo mwenye mzio wa korosho asiguse pistachio bila kumwona daktari. Hata hivyo, mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipozitaja jamii za kokwa zinazoweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, pistachio iliingia, korosho ikaachwa kwa sababu ya mafuta yake yanayoganda. Karanga ikaingia! Kwa bei ya pistachio madukani kwetu, mimi ningeanzia hapo.

Karanga na pistachio zina adui mmoja, sumukuvu. Mwaka 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia pistachio za Iran kwa ajili yake, na mwaka 2004 sumu hiyohiyo, ndani ya mahindi, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Kokwa iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu mdomoni iteme na uitupe. Kuikaanga hakuimalizi sumu.