Magongo kwa Kila Mtoto
Mpira wa magongo jumuishi ni mchezo ambao watoto wenye ulemavu na wasio nao huchezea kikosi kimoja. Mchanganyiko huo hauachiwi hisani ya kocha, umewekwa kwenye kanuni. Katika magongo ya sakafuni ya Special Olympics, shirika la michezo kwa watu wenye ulemavu wa akili, kila timu inakuwa na wachezaji sita uwanjani, na kikosi kikiwa cha mchanganyiko, wasio na ulemavu wa akili hawazidi watatu. Hao huitwa wachezaji wenza. Mwenza anayeng'ang'ania mpira na kufunga peke yake anavunja kanuni, hata kama kila bao lake ni halali.

Magongo ya sakafuni yana umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mashindano ya kwanza ya Special Olympics, yaliyoasisiwa na Eunice Kennedy Shriver, yalifanyika Chicago, Marekani, Julai 1968, na magongo ya sakafuni yalikuwa miongoni mwa michezo michache iliyochezwa humo. Tanzania nayo si mgeni wa magongo, ingawa ni yale ya kiwanja cha nyasi. Timu ya taifa ya wanaume ilishiriki Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ikachapwa 18–0 na India na kumaliza ya sita kati ya timu sita. Hata hivyo mchezo wenyewe haukushuka vijijini, na mtoto wa Kang'ata wilayani Handeni, au wa Korogwe, hukua akijua kandanda na netiboli tu.

Ili magongo ya sakafuni yamfikie, uwanja wa barafu kama ule wa hoteli ya Panari jijini Nairobi hauhitajiki. Kiwanja cha netiboli cha shule, chenye mita 30.5 kwa 15.25, kinatosha kabisa kwa mazoezi, na kikiwa kimesakafiwa ni bora zaidi. Gongo la mchezaji asiye mlinda mlango ni fimbo ya mviringo isiyo na kikombe wala pembe mwishoni, kitu ambacho fundi seremala yeyote anaweza kukichonga. Badala ya mpira hutumika kisahani cha kitambaa kizito chenye upana wa sentimita 20 na tundu katikati. Mchezaji huingiza ncha ya fimbo kwenye tundu na kukisukuma. Hapo ndipo penye uzuri wa mchezo huu: mtoto ambaye mkono wake hauwezi kulenga mpira unaodunda hukiongoza kisahani bila taabu kubwa, na rafiki yake humpokea. Miaka ya karibuni magongo ya sakafuni yamepisha mtindo mwingine, unaotumia mpira wa plastiki wenye matundu 26 na uzito wa gramu 23 tu. Ni mwepesi na hauumizi, ila kwenye uwanja wa udongo wenye upepo huwa msumbufu. Kofia ngumu yenye kinga ya uso na vikinga vya ugoko visikosekane, na hapa ndipo fedha nyingi hutumika.

Msimu huanza na siku ya kuandikisha, na familia nyingi huamua siku hiyohiyo kama zitarudi. Anayemleta mtoto mara nyingi ni bibi au mama mwenye mgongo uliochoka, aliyezoea kuulizwa mwanawe "ana tatizo gani". Kocha mwenye busara huanza kwa shikamoo, kisha humgeukia mtoto mwenyewe na kumwuliza jina. Maswali yenye faida ni mengine: anaombaje maji, anaashiriaje haja, nini humtisha. Baadhi ya watoto wenye usonji huteswa na mlio wa firimbi. Kwao, na kwa viziwi, bendera nyekundu hufanya kazi ileile. Mwenye ulemavu wa ngozi apangiwe saa za asubuhi sana au jioni, avae kofia pana na mikono mirefu. Kaka au dada wa mchezaji akaribishwe kama mwenza, kwani hakuna amjuaye zaidi.

Afya huangaliwa kabla ya fimbo kugawiwa. Watoto wenye Down syndrome wapimwe shingo na daktari, kwa kuwa baadhi yao mifupa ya juu ya uti wa mgongo hulegea, na pigo la kawaida linaweza kuwa la hatari. Mwenye kifafa hazuiwi kucheza akiwa na ruhusa ya daktari, lakini walimu wote wajue la kufanya akipatwa na degedege: kumlaza ubavu, kumwondolea vitu vigumu, kutomtia kijiko wala kitu chochote mdomoni, na kuangalia saa. Degedege likipita dakika tano, apelekwe zahanati.

Ratiba ya Handeni ifuate mvua. Masika ya Machi hadi Mei huharibu viwanja vya udongo na kuita mikono shambani, hivyo Juni, baada ya mvua, ni mwanzo mwafaka.

Katika Special Olympics, kushindana huanza miaka 8. Wadogo zaidi, kuanzia miaka 2, wana mazoezi yao ya kukimbia, kurusha na kusukuma. Kabla ya mashindano timu hucheza mechi fupi za kupimana, ndipo zinapangwa kwenye makundi kwa umri, jinsia na uwezo. Wazazi waelezwe jambo hili mapema, maana timu inayojilegeza kwenye mechi hizo ili iwekwe na wanyonge inaweza kuondolewa mashindanoni.